Siku Pijo ya Mzee Makori Ilipoimba

Mwezi uliopita nilikwenda Nyaramba kumzika Fundi Ombati, nikakaa saa tatu nzima kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza uongo. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alipofika ukurasa wa pili akasema kwamba baba yake ndiye mtu wa kwanza katika Kisii na Nyamira yote kuunda mtambo wa FM stirio wa kurusha muziki ndani ya gari. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza jirani yake, "Huyo mzee alikuwa na kichwa, kweli." Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ningeangalia kitu kingine chochote ningecheka, na mwanamke wa umri wangu akicheka matangani watu husema ni ugonjwa.

FM stirio. Ninyi wa rika langu mnakumbuka redio za wakati ule. Hapa kwetu hakuna aliyekuwa ameisikia hiyo FM, na kuhusu stirio ni heri tunyamaze, maana gari linalozungumziwa lilikuwa na spika moja tu chini ya dashibodi, na ukingo wake ulikuwa umetafunwa na panya. Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku la chaki. Ulirusha sauti kutoka kiti cha nyuma hadi kiti cha mbele. Ungelishika sanduku hilo ukashuka nalo garini, ukatembea hatua kumi, redio ingerudi kuunguruma.

Na Fundi Ombati hakuliunda.

Nilipokuwa nimekaa pale hemani, kitu kilichonirudia kwanza hakikuwa sura yake bali harufu. Harufu ya utomvu wa msonobari unaoungua juu ya chuma cha moto, tamu na chungu kwa pamoja, inayokukwaruza kooni. Jiko la mama yetu lilinukia hivyo wiki tatu mfululizo, na hata ugali tulioula wiki zile ulikuwa na ladha ya miti.

Wakati huo nilikuwa na miaka tisa, na nilimdharau Fundi Ombati kwa moyo wangu wote. Naomba niwe mkweli hapo, kwa sababu watu wazima hupenda kusema walipokuwa watoto waliwapenda watu wote. Mimi sikumpenda. Alikuwa na duka la kutengeneza redio soko la Kebirigo, chumba kimoja chenye baraza, na alivaa koti jeupe la daktari ambalo alilipata sijui wapi. Mgonjwa, yaani redio, akiletwa, aliinama akaitegea sikio. Akaipiga kofi mgongoni. Akatoa betri moja akairamba. Kisha akamtazama mwenye redio kwa huruma na kusema, "Transista imechoka." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Transista zote za Kebirigo zilikuwa zimechoka.

Baada ya hapo mwenye redio aliambiwa arudi Jumanne, na redio ikapanda kilima hadi nyumbani kwetu.

Aliyezitengeneza alikuwa dada yangu Kemunto. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwenye shule ya wasichana huko karibu na Kisii mjini, akapita vizuri sana hesabu na sayansi, na tangu hapo alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akichuma chai na mama. Baba yetu alifanya kazi Kericho, akija mara moja kwa mwezi. Shuleni Kemunto alikuwa amefundishwa fizikia na kijana mmoja Mzungu wa kujitolea, ambaye alipoondoka alimwachia rundo la magazeti ya mafundi wa redio, yenye michoro ya mistari na vijiduara. Wasichana wengine walikuwa na picha za waimbaji chini ya magodoro. Kemunto alikuwa na michoro hiyo. Fundi aligundua jambo hili kwa bahati, siku Kemunto alipopeleka redio ya baba dukani kununua betri na akamwonyesha, kwa adabu, kwamba waya alioushika ulikuwa wa upande mwingine. Tangu siku hiyo, redio zilizomshinda, yaani zote, zilikuja kwetu ndani ya kikapu.

Mama hakuona ubaya. "Afadhali ashike hivyo visanduku," alisema, "kuliko kukaa akitazama barabara."

Mtu wa tatu katika habari hii ni Mzee Makori. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, mwenyekiti wa kituo cha kuuzia majani ya chai, na mzee wa kanisa letu la Jumamosi. Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini alikuwa mnene kwa sababu ya kukalia viti vingi, na sijapata sababu nzuri zaidi mpaka leo. Hakuna kijana wa kwetu aliyeweza kwenda chuo au kuandikwa kazi bila barua ya Mzee Makori, na Mzee Makori hakuandika barua haraka. Alipenda kwanza uje ukae kwenye benchi lake nje, usubiri, urudi kesho. Kemunto alikuwa amekalia benchi hilo mara nne. Mara ya nne aliambiwa kwamba mzee anafikiria.

Huyu mzee alikuwa na gari, Pijo nyeupe, ya kwanza upande wetu wa kilima, na ndani yake redio. Mwanawe aliyekuwa Nairobi akamletea mashine ya kaseti, mpya kabisa, yenye mfuniko unaoruka ukibonyeza. Akawa na kaseti ya kwaya. Alitaka afike kwenye mikutano ya makambi, kule tulikokuwa tukikusanyika chini ya mahema kila mwaka, gari likiimba. Lakini mashine ile ilikuwa ndogo, na barabara yetu ya murram, yaani ya udongo na changarawe, ina mlima, na injini ya Pijo ikianza kupanda, kwaya nzima ilimezwa. Angeweza kuunganisha waya kutoka kaseti hadi kwenye redio ya gari, jambo la nusu saa, ila hakutaka mtu yeyote afungue dashibodi yake. "Gari si kuku," alimwambia Fundi, "halipasuliwi." Basi akataka sauti ihame kutoka kaseti hadi spika ya gari bila waya, bila bisibisi, bila mtu kugusa kitu. Na Fundi Ombati, amevaa koti lake jeupe, akasema hiyo ni kazi ya wiki mbili.

Jioni ile ile alikuja kwetu mwenyewe, mara ya kwanza, na kilo ya sukari mkononi.

"Kemunto, kuna kazi."

"Redio gani?"

"Si redio. Ni kinyume cha redio."

Akaeleza vibaya, na Kemunto akaelewa vizuri. Nilimwona akiacha kumenya ndizi, kisu kikabaki hewani. Akauliza maswali mawili tu: redio ya gari inashika mawimbi gani, na kaseti ina tundu la kisikilizio au haina. Fundi hakujua hata mojawapo. Kisha Kemunto akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mzima.

"Nitaitengeneza. Lakini utamwambia Mzee ni mimi."

"Nitamwambia."

"Mbele ya watu, Fundi. Anipe barua."

"Mimi ni mtu wa kanisa," alisema Fundi, akiweka mkono juu ya koti, mahali ambapo moyo ungekuwa.

Zikaanza zile wiki tatu za harufu. Umeme haukuwapo kwetu, kwa hiyo Kemunto alikuwa na kipande cha shaba kilichochongwa ncha na kutiwa mpini wa mti, akakipasha kwenye makaa mpaka kikabadilika rangi. Alikichovya kwenye utomvu alioubandua kwenye misonobari ya shule, kisha kwenye risasi ya kuunganishia, na moshi ukapanda. Alichukua redio mbili zilizokufa kabisa. Kutoka moja akatoa ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na kutoka nyingine kile kitu chenye mabawa ya bati yanayopishana unapozungusha kitufe cha kutafuta stesheni. Transista moja. Betri mbili za tochi. Sanduku la chaki alipewa na mwalimu wangu, ambaye alidhani analitaka la kuwekea uzi.

Mimi nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Sikuelewa lolote, lakini nilielewa uso wake. Uso wa Kemunto akichuma chai ulikuwa kama mlango uliofungwa. Hapa jikoni, macho yakitoka machozi kwa moshi, ulikuwa wazi.

Jaribio la kwanza redio ya baba ililia kama nguruwe. La pili haikulia kabisa. La tatu, Jumapili moja mchana, aliweka jikoni sanduku na ile mashine ya kaseti ya Mzee, ambayo Fundi alikuwa amemletea, akaniambia nibebe redio hadi uani na kuzungusha kitufe taratibu pale katikati ambapo hakuna stesheni. Nikazungusha. Mngurumo, mngurumo, halafu ghafla sauti nne za kwaya zikatoka kwenye redio yetu, safi, kama wamesimama nyuma ya choo. Mama alitoka na mwiko wenye unga. Akasikiliza ubeti mzima, akasema, "Hao watu wako wapi?" Kemunto akajibu kutoka ndani, "Wako hapa na mimi."

Kulikuwa na kasoro moja. Ukitikisa sanduku, sauti ilihama, ikabidi uitafute tena, na barabara ya kwetu hutikisa hata mifupa. Kemunto akafikiri siku mbili. Kisha akayeyusha mshumaa akamimina nta juu ya mizunguko ya waya, ikaganda, na waya haukucheza tena. Alitikisa sanduku mbele yangu kama mtu anayetikisa mtungi wa maziwa lala, na kwaya ikaendelea kuimba bila kujali. Akacheka. Sikumbuki mara nyingine mwaka ule alipocheka.

Fundi alikuja kulichukua Ijumaa, kabla jua halijazama, maana Sabato ilikuwa inaingia. Alinikuta kando ya migomba nikikata majani ya kufunikia chungu, akachuchumaa mbele yangu. Alinuka sabuni na betri.

"Wewe, unajua leseni ni nini?"

"Ya baiskeli?"

"Hata ya baiskeli. Redio ya kusikiliza tu ina leseni. Sasa hii ya dada yako inarusha. Mtu akirusha sauti hewani bila ruhusa ya serikali, anafungwa. Mwanamume anafungwa, mwanamke anafungwa. Unanielewa?"

Nikamwambia ninamwelewa.

"Kwa hiyo mtu akikuuliza ni nani aliyetengeneza, wewe sema hujui. Hujui, basi."

Akasimama, akapangusa magoti, akaondoka na sanduku la Kemunto chini ya kwapa kama mkate.

Nilikuwa mtoto mwenye akili, na sijui balaa kubwa kuliko hilo kwa mtoto. Sabato nzima, kanisani, wakati wengine wanaimba, mimi nilikuwa nikipanga. Niliamini kila neno alilosema kuhusu jela. Lakini nilijiuliza kwa nini niseme sijui. Wangemtafuta aliyetengeneza, wangepanda kilima, wangenusa jiko letu na kumchukua dada yangu. Ingekuwa bora wapewe mtu mara moja, ili waache kutafuta. Na kama lazima mtu aende jela, nilikuwa naye tayari, amekaa safu tatu mbele yangu, shingo yake imekunjamana juu ya kola. Nilimwona ndani ya seli bila koti lake jeupe, akitegea ukuta sikio. Nilikuwa na furaha sana siku ile, mchungaji akadhani ni Roho Mtakatifu.

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wazazi uwanjani shuleni, na Mzee Makori alikuwa amechagua siku hiyo kuonyesha gari lake. Aliliegesha katikati ya uwanja, milango yote minne wazi. Alikuja na mgeni kutoka Nairobi, mwanamume mrefu aliyevaa sare ya kaki yenye vifungo vinavyong'aa na kofia. Hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa msimamizi katika chuo kimoja cha mafundi wa simu, aliyekuja kwa wenyeviti kutafuta vijana. Kaki, vifungo, kofia: nilijua polisi nikimwona.

Kemunto alikuwa amevaa gauni lake la Sabato ingawa ilikuwa Jumapili. Alisimama upande wa pili wa gari, mkono juu ya paa. Alikuwa anasubiri.

Mzee Makori akaingia nyuma ya usukani, akabonyeza kaseti, akazungusha kitufe cha redio. Gari likakoroma, kisha likaimba. Wazazi wote wakasogea karibu. Akawasha injini, akauzunguka uwanja polepole, sisi watoto tukimfuata mbio, na kwaya haikukatika hata alipoyapitia mashimo ya goli. Aliporudi akashuka, akaweka mikono kiunoni kana kwamba ni yeye aliyeimba sauti ya nne.

Yule wa kaki akainama ndani ya gari. Akaliangalia sanduku, akafungua kifuniko, akachungulia muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii imetengenezwa hapa?"

"Hapa hapa," alisema Mzee.

"Na nani?"

Fundi Ombati akakohoa. Nilimwona akimtazama Kemunto, akatazama chini, akakohoa tena. Nasema mpaka leo kwamba pengine angesema. Pengine. Alikuwa amefungua mdomo. Lakini Mzee Makori alikuwa ameshanyoosha kidole kuelekea kwangu, pale nilipokuwa nimeegemea mlango wa nyuma.

"Tuulize mtoto. Mtoto hana siasa. Wewe msichana, uliona kitu hiki kikitengenezwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ni nani aliyekitengeneza?"

Nilivuta pumzi. Nikasema kwa sauti ya darasani, wote wasikie, "Ni Fundi Ombati. Peke yake. Hakuna mtu mwingine aliyemsaidia."

Fundi akawa rangi ya majivu. Hakuniomba uongo mkubwa hivyo. Aliniomba niseme sijui tu. Na nadhani yeye mwenyewe aliiamini nusu ya hadithi yake ya leseni, kwa maana aliangalia ua wa shule kama mtu anayepima iwapo ataweza kuuruka. Yule wa kaki akatoa kijitabu mfukoni na kalamu. Akamwuliza majina yake yote matatu, na Fundi akayataja moja moja, kwa shida. Nikajua kazi imekwisha. Nikamtazama Kemunto ili anione, ajue ni mimi niliyemwokoa.

Hakunitazama. Alikuwa ameondoa mkono wake juu ya paa la gari na anaupangusa kwenye gauni.

Kisha yule wa kaki akafunga kijitabu, akampa Fundi mkono, akautikisa, na wazazi wakapiga makofi. Nilisubiri pingu. Makofi yakaendelea. Mzee Makori akasema mbele ya uwanja mzima kwamba chuo kinataka jina moja kutoka kwetu, na yeye jina analo, na barua ataiandika leo leo. Mtu aliyemfikiria Kemunto mara nne aliandika barua hiyo juu ya boneti ya gari, kwa kalamu ya kuazima.

Nikamwuliza msichana aliyekuwa karibu nami, "Wanampeleka wapi?"

"Nairobi. Atakuwa injinia."

Tulirudi nyumbani kwa njia ya juu, kati ya mashamba ya chai. Kemunto alitembea mbele. Hakulia, hakuniuliza kwa nini. Mara mbili nilifungua mdomo nimweleze kuhusu jela, na mara mbili nikaona jinsi maneno yale yangesikika, nikafunga. Alipofika alivua gauni la Sabato, akalikunja, akachukua kikapu cha chai. Zile karatasi za michoro aliziacha chini ya godoro. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa na kuzitazama, kama mtu anayetazama picha za maiti.

Sasa niwaeleze kuhusu huyo injinia, maana mwanawe hakusoma sehemu hii. Kabla hajaondoka kwenda Nairobi, sauti ya gari ilififia kwa sababu betri za tochi zilikuwa zimekwisha, kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angekigundua. Mzee Makori akamwita. Fundi akafungua sanduku mbele ya watu sokoni, akaona nta juu ya waya, akasema, "Ona uchafu huu." Akaikwangua yote kwa kisu. Akakwangua vizuri kabisa, na waya nao ukakatika. Gari halikuimba tena, wala halikufika makambini likiimba. Alimwambia Mzee kwamba hewa ya Nyamira imejaa. Mzee akakubali, akawaeleza watu kanisani kwamba hewa imejaa, nao wakatazama juu.

Chuoni hakumaliza mwaka. Alirudi na tai shingoni na kibao kilichoandikwa ENGINEER, akasema baridi ya Nairobi haikupatana naye, mtu aliyezaliwa Nyaramba, mahali ambapo ukungu huingia hadi kwenye sufuria. Kibao kikapigiliwa juu ya duka. Kuanzia siku ile transista hazikuchoka tena Kebirigo; zilikuwa "zimepoteza masafa". Watu walimheshimu miaka arobaini. Sikuona hata mmoja aliyemwuliza kwa nini redio zinazotoka kwake hazipati nafuu tena. Nimeishi na watu hawa, nawapenda wengine wao, lakini nawaambia wazi kwamba tai na kibao vinawatosha.

Kemunto hakumtengenezea redio nyingine. Alipata nafasi ya ualimu usio na cheti katika shule ya ng'ambo ya kilima, baadaye akapelekwa kusomea, akafundisha sayansi mpaka alipostaafu. Aliolewa na mwalimu mwenzake, mtu mpole, wakazaa watoto wanne. Sitaki mumwonee huruma. Yeye mwenyewe hakuniruhusu kamwe. Lakini ninajua uso wa Kemunto ukifunguka unafananaje, nami niliuona kwa wiki tatu tu.

Siku mbili baada ya mazishi nilikwenda kwake Kebirigo. Nilimkuta uani akipepeta maharage. Hakuwa amekwenda Nyaramba. Alisema alikuwa na kazi. Nikamweleza habari za wasifu na FM stirio, akaweka ungo chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Stirio," alisema. "Na ile spika iliyoliwa na panya."

Nikaona ndio wakati. Nikamweleza yote: migomba, leseni, jela, kaki. Nikamweleza kwamba sikumsahau pale uwanjani, kwamba nilidhani ninamwokoa, kwamba nimebeba jambo hili tangu siku hiyo na kwamba ni mimi niliyemnyang'anya maisha yake. Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno makubwa. Nilikuwa nimeyapanga njiani.

Kemunto alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua ungo wake tena.

"Mzee Makori alikuja nyumbani wiki ile, kabla ya mkutano," alisema. "Jumatano. Wewe ulikuwa shule."

"Kufanya nini?"

"Kuona kaseti yake iko salama. Akanikuta jikoni na sanduku mapajani, nimeshika chuma cha moto. Akasimama mlangoni, akauliza hiki ni nini na hiki ni nini. Nikamweleza. Alielewa, hakuwa mjinga. Akasema, 'Vizuri. Fundi atakuja kulichukua lini?'"

Maharage yakaruka na kutua.

"Alijua?" nikauliza.

"Alijua."

"Sasa kwa nini aliniuliza mimi?"

Alinitazama kwa namna ambayo walimu wa sayansi humtazama mwanafunzi aliyekaa mbele miaka yote bila kushika kitu. Hapakuwa na hasira. Ningependelea iwepo.

"Kwa sababu angeniuliza mimi, angejibiwa," alisema. "Na hata wewe ungesema ukweli, angemwuliza mtu mwingine. Angezunguka uwanja mzima akiuliza, mpaka ampate wa kumwambia alichotaka. Wewe ulikuwa wa kwanza tu."

Akapuliza makapi kutoka kwenye ungo, akaniambia nisogee, nimekaa upande wa upepo.